Bibi anasema chumba chake nimekigeuza kaburi

SWALI

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 34. Penseli naimudu tangu utotoni. Shuleni ndiye ninayefuatwa kila panapotakiwa ramani au moyo wa binadamu kwenye manila. Rangi ndiyo iliyonishinda, tena imenishinda mahali ambapo sikutaka kushindwa.

Bibi yangu anakaa Ngamiani, katika nyumba ile ile aliyoolewa. Chumba chake kina sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa miaka na miaka mpaka inang'aa, kuta za chokaa, samadari, kabati la vyombo ambavyo hakuna anayeruhusiwa kuvitumia, na dirisha moja la mbao upande wa kaskazini. Kila asubuhi hukaa hapo dirishani na ungo wake akichagua mchele. Sasa wajomba wameamua kwamba Desemba chumba kiwekwe vigae na dari ya jipsamu. Sibishani nao, bibi ameshateleza mara mbili. Ila nataka chumba kile kibaki mahali fulani kama kilivyo, na picha ya simu hainitoshi. Nataka nikichore kwa rangi ya mafuta, mtu akikitazama atake kuvua viatu kabla ya kuingia.

Nimejaribu mara tatu.

Mara ya kwanza nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikaomba rangi ya mafuta. Nikapewa makopo manne na thina. Nikachora kwenye hadibodi ya futi nne kwa nne. Rangi ilikuwa inashika kabla sijaunganisha kivuli na mwanga, na kila kitu kikatoka na mpaka mkali kama tangazo la saluni.

Mara ya pili binamu yangu alinitumia tyubu za rangi za wachoraji kutoka Dar. Nikaziona nzito. Jirani akaniambia mafuta ni mafuta, ongeza ya nazi. Leo ni wiki ya saba na bado ukigusa unaondoka na rangi kidoleni.

Mara ya tatu sikuongeza kitu. Hiyo ndiyo niliyompelekea bibi. Sakafu imeinuka kama inataka kummwagikia mtazamaji, samadari inaelea, dirisha ni jeupe kama karatasi, na vivuli nimevikoleza kwa rangi nyeusi. Bibi aliitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mbona chumba changu umekigeuza kaburi?" Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana imeniuma zaidi.

Mume wangu hataki kusikia harufu ya tapentaini ndani, kwa hiyo picha zote naziweka uvunguni. Juzi nimezitoa nikakuta nyeupe imekuwa rangi ya siagi.

Jambo la mwisho. Nimesoma kwamba mchoraji anatakiwa awe na dirisha la kaskazini ili mwanga utulie. La bibi ni la kaskazini, na huu mwezi wa Juni jua la asubuhi linaingia mpaka miguuni pa samadari. Nakosea wapi? Au niachane na rangi, nimwite tu mpiga picha?

Mwalimu wa Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na bibi, maana kwa uhakiki amenizidi. Hakutaja sakafu iliyoinuka wala kitanda kinachoelea, na amini, aliviona. Alitaja kaburi. Aliona kwamba humo ndani hamna mwanga. Wewe ulichora samadari, kabati, ungo na dirisha, kisha nafasi zilizobaki ukazijaza rangi ili zisikae tupu. Chumba kiko katika hizo nafasi ulizozijaza tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu itakuwa juu ya ukuta, na usinichoke.

Siku ukienda tena Ngamiani, beba karatasi moja nyeupe ya daftari. Ishike juu ya ukuta ulio mkabala na dirisha. Halafu ipeleke kwenye pembe, nyuma ya kabati. Halafu ibandike kwenye ukuta wenyewe wenye dirisha, hapo kando ya mbao. Karatasi haikubadilika, lakini utaiona ikiwa na rangi tatu. Na ile ya kando ya dirisha ndiyo itakayokushangaza, kwa sababu itakuwa ya kijivu kuliko unavyodhani. Ukuta wenye dirisha haupigwi na mwanga wa dirisha lake. Mwanga unaupita pembeni na kwenda kupiga kuta nyingine. Unachopata huo ukuta ni makombo yanayorudi. Nina hakika bila kuiona picha yako kwamba ulio na dirisha ndio uliouchora mweupe kuliko zote, kwa kuwa akili ilikwambia mwanga uko huko. Sote tumepita hapo.

Sasa toboa tundu la ukubwa wa harage kwenye kipande cha manila, funga jicho moja, utazame ukuta kupitia tundu hilo. Anza juu karibu na dari, shuka polepole mpaka sakafuni. Ukifika kama futi moja kutoka chini utaona chokaa imekuwa na wekundu, kama ufizi wa mtoto. Ni ile saruji. Mwanga unaingia dirishani, unaanguka kwenye sakafu nyekundu, unapanda tena ukiwa umebeba wekundu wake. Umo chini ya ukingo wa samadari. Umo tumboni mwa ungo. Umo kidevuni mwa bibi anapoinama kuchagua mchele. Huko Ulaya, kwa walioandika vitabu vya uchoraji, mwanga hushuka. Kwetu, jua likiwa juu namna hii, sehemu kubwa ya mwanga wa ndani hutoka chini. Ukitia nyeusi chini ya samadari umeuzima moto huo wote, na bibi akaona kaburi.

Kuna picha moja ya Johannes Vermeer, Mholanzi wa mji wa Delft, ya mtumishi anayemimina maziwa. Ilichorwa mwishoni mwa miaka ya 1650 na iko Rijksmuseum, Amsterdam. Itafute kwenye simu, ila mama na maziwa wasikushughulishe. Tazama ukuta ulio nyuma yake. Una msumari, una matundu ya misumari iliyokwisha kung'olewa, na upande wa dirisha ni wa kijivu kabisa, kisha unazidi kung'aa kadiri unavyokwenda kulia. Upande wa mama ulio kwenye mwanga kauweka mbele ya ukuta wa giza, na upande wake wa kivuli kauweka mbele ya ukuta unaong'aa. Ndiyo maana mama yule anasimama kweli kweli. Na picha hiyo, mwalimu, ina kimo cha sentimita 45.5 na upana wa 41. Wewe umeanza na futi nne kwa nne! Hadibodi hiyo ikate vipande vya ukubwa wa daftari, vitakutosha mpaka Desemba.

Kwa wiki tatu za kwanza sitaki uchore kitanda. Chukua rangi mbili tu, amba iliyochomwa, yaani ile kahawia iliyokolea, na nyeupe. Paka ukuta, sakafu, pembe na dirisha kama mabaka makubwa, bila kitu kingine. Finya macho mpaka kope zikaribie kugusana, vitu vidogo vitapotea na yatabaki mabaka matano au sita ya mwanga na giza. Hayo ndiyo unayoyachora. Nyeupe tupu ya tyubu itumie mahali pamoja tu, pale jua linapopiga mbao ya dirisha. Hakuna rangi inayoweza kung'aa kama mbingu, kwa hiyo dirisha litawaka pale tu ambapo kila kitu kingine kimeshushwa kidogo. Dirisha lako lilikuwa jeupe kama karatasi kwa sababu ukuta nao ulikuwa karatasi.

Picha hizo zitakuwa za ukuta mtupu na watu watakucheka. Kuna Mdenmark, Vilhelm Hammershøi, aliyeishi na mkewe katika nyumba moja ya mtaa wa Strandgade, Copenhagen, kuanzia 1898 hadi 1909, akachora vyumba vile vile mwaka baada ya mwaka. Ile ya 1900 ina mlango, dirisha, na mwanga uliolala sakafuni. Kiti hakuna. Ukiitazama unahisi kuna mtu ametoka sasa hivi.

Tuje kwenye sakafu inayomwagika. Hiyo ni kwa sababu ulichora sakafu ukiwa umesimama, kabati ukiwa umekaa, na vingine ukavitoa kwenye simu. Lenzi ya simu inavuta vya karibu vikawa vikubwa na kusukuma vya mbali, na mbele ya dirisha lazima ichague, ama iunguze dirisha ama iitie pembe giza. Jicho lako haliteseki hivyo. Weka stuli mlangoni, zungushia miguu yake chaki sakafuni, na usikae pengine mpaka kazi iishe. Kisha kwenye ubao wako piga mstari wa kulala unaolingana na kimo cha macho yako ukiwa umekaa hapo. Kingo zote zinazokwenda mbali nawe, za sakafu, za kabati, za samadari, zinakimbilia nukta moja kwenye mstari huo, moja kwa moja mbele yako. Zilizo chini ya macho zinapanda kuiendea. Zilizo juu zinashuka.

Chomeka pini kwenye nukta hiyo, funga uzi, upake chaki, uuvute na kuupiga. Umewaona waashi wakipiga uzi kabla ya kupanga matofali; ni kazi ile ile. Katika picha zaidi ya kumi za Vermeer watafiti wamekuta tundu dogo la pini pale mistari inapokutana. Kwa hiyo usione haya kutumia uzi. Na samadari itaacha kuelea siku utakapoweka mstari mwembamba wa giza pale kila mguu unapogusa saruji.

Kuhusu rangi zenyewe, kosa la kwanza ni la lugha yetu. Dukani "rangi ya mafuta" ni ile ya milango na mageti, na muuzaji hakukudanganya. Inakauka upesi na inapenda kukaa bapa. Edward Saidi Tingatinga alitumia rangi za namna hiyo kwenye hadibodi pale Dar es Salaam, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka kifo chake 1972, na ndege na chui wake waling'aa kwa sababu hakuilazimisha rangi ifanye isichokipenda. Wewe unataka ukuta unaogeuka polepole kutoka kijivu kwenda uwekundu. Hiyo ni kazi ya tyubu.

Kosa la pili limenichekesha, nisamehe. Mafuta ya nazi ni ya nywele. Rangi ya wachoraji hukorogwa kwa mafuta ya kitani, na mafuta hayo hayakauki kama maji kwa kupotea hewani. Yanachukua oksijeni na kugeuka ngozi ngumu. Mafuta ya nazi hayana tabia hiyo. Wiki ya saba, mwezi wa saba, mwaka wa saba, yatabaki hivyo hivyo. Picha hiyo ikwangue, na usipake kitu juu yake. Ukiona rangi nzito, tabaka la kwanza lilainishe kwa tapentaini kidogo sana, na matabaka ya juu kwa tone la mafuta ya kitani. Lenye mafuta machache liwe chini, lenye mengi liwe juu. Ukipindua, la juu litakauka kabla ya la chini na picha itapasuka. Amba inakauka haraka kuliko rangi nyingi, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza nayo.

Subira ya kukausha sikufundishi kama mtu aliyezaliwa nayo. Niliwahi kuuza picha mbichi nikaifunga kwa gazeti. Mteja alifika kwake na shavu la mtoto limechapwa matokeo ya mpira ya Jumapili.

Nyeupe yako imekuwa siagi kwa sababu ya uvunguni. Mafuta ya kitani yakikaa gizani hugeuka manjano. Itundike picha mahali penye mwanga na hewa, mbali na jua kali, na baada ya wiki chache sehemu kubwa ya umanjano itaondoka. Mumeo naye ana haki yake. Harufu si ya rangi, ni ya tapentaini, na sehemu kubwa ya tapentaini hutumika kuosha brashi tu. Brashi ifute kwa kitambaa, ichovye kwenye mafuta ya kupikia, ifute tena, kisha ioshe kwa sabuni ya mche na maji mpaka povu liwe jeupe. Hapo ndipo mafuta ya jirani yako yanapofaa. Ile tapentaini kidogo ya tabaka la kwanza itumie barazani. Ila matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyakunje ukayaacha pembeni. Yanajipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yaloweke kwenye maji au yaanike uani moja moja.

Tyubu tano zinatosha: nyeupe ya titani, iwe kubwa, oka ya manjano, siena iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu, amba iliyochomwa, na bluu ya ultramarini. Nyeusi mpe mtoto akapake gari lake la waya. Ukichanganya ultramarini na amba utapata giza ambalo bado linapumua, na unaweza kulisogeza upande wa ubaridi au wa joto. Kwa sakafu tumia siena na oka. Wekundu unaotiwa kwenye saruji ni oksidi ya chuma, na siena na oka ni udongo ambao rangi yake inatokana na chuma hicho hicho. Katika picha nzima, kitu ambacho hutahitaji kukiigiza ni sakafu.

Na dirisha la kaskazini? Vitabu ulivyosoma viliandikwa Ulaya, ambako jua la mchana halipiti kaskazini hata siku moja. Tanga iko kama digrii 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia wiki ya pili ya Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko kaskazini kwenu, ndiyo maana sasa linamfuata bibi mpaka kitandani. Likishavuka kwenda kusini, dirisha hilo litatulia. Kwa hiyo Julai na Agosti fanya mazoezi ya ukuta, Septemba weka samani, kisha kuanzia katikati ya Oktoba una kama wiki sita za mwanga ambao hautakimbia. Nenda saa ile ile kila mara, tuseme saa tatu asubuhi, fanya kazi saa moja, funga. Jua linasogea digrii 15 kwa saa, na kivuli ulichokianza saa tatu, saa tano si chake tena.

Ukiniambia unapenda zaidi jua lile la Juni linaloingia mpaka miguuni pa samadari, ni haki yako, lakini basi siku ya kwanza chora mpaka wa jua sakafuni kwa penseli na usiusogeze tena, hata ukiona umehama.

Bibi mwenyewe mwache mpaka mwisho, na kwanza umwombe ruhusa. Kuna wazee hawapendi, na picha ya chumba bila yeye bado ni picha yake. Akikubali, usianze na uso. Hammershøi alimchora mkewe mara nyingi akiwa amempa mgongo. Kisogo, kanga begani, kiwiko kilichokunjwa, na ungo unaoshika mwanga vinatosha. Mjukuu yeyote atamtambua. Mpake kwa brashi ile ile uliyopakia ukuta, kama baka jingine la mwanga, kabla hujamfanya mtu.

Mpiga picha mwite pia, hakuna ugomvi. Lakini kabla ya kitu chochote, kata vipande vidogo vya manila, uende na tyubu zako, upake rangi ya ukuta ulivyo juu, katikati, na pale chini penye wekundu. Nyuma ya kila kipande andika saa. Na siku mafundi wa vigae wakija na nyundo zao, waombe wakupe bonge moja la ile saruji, la ukubwa wa sahani. Kama picha haijaisha, liweke chini ya dirisha la kwako, mbele ya ukuta mweupe, uendelee kutoka hapo.